Zablon Mshinda Kijito na Jenereta Isiyojua Maji

Sogeeni, enyi watu wa Uriri na ninyi mlio mbali hadi Rangwe, nanyi mlioolewa ugenini mkasahau harufu ya kitunguu kibichi. Wekeni jembe chini, epueni sufuria, mwambieni mwenye redio aipunguze sauti, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havijaandikwa mahali popote, na kwa kusema kweli havikustahili kuandikwa. Namtaja Zablon, simba wa ukingo wa kijito, mzee wa kanisa, mvaa gamboti, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuuliza njia hata alipopotea; nataja jinsi alivyoyapandisha maji kutoka bondeni hadi shambani kabla jua la Ijumaa halijazama. Anayetaka habari za wafalme na aende kwingine, hapa kuna pampu tu.

Chanzo cha vita kilikuwa vitunguu vya Nyatichi. Huyu Nyatichi, mke wa shujaa, binti wa Wakisii aliyeolewa kwa Wajaluo akawafundisha kupanda kwa mstari ulionyooka, alikuwa amevihamisha kutoka kitaluni kwa mikono yake mwenyewe, mche baada ya mche. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imewapa watu kisogo, akawa anavinywesha kwa dumu, akipanda na kushuka mteremko asubuhi na jioni, mpaka kiuno kikamkatalia. Zablon alimwona akijinyoosha jikoni huku ameshika ukuta, na moyo ukamuuma sana. Lakini moyo wa shujaa ukiuma haushiki dumu, hutoa tangazo. Basi Sabato iliyofuata akasimama kanisani wakati wa shuhuda, akasafisha koo, akanena mbele ya kusanyiko:

"Ndugu na dada, kuanzia leo mke wangu hatainama tena kijitoni. Nimempiga marufuku kushika dumu. Kabla Sabato ijayo haijaingia, shamba letu litakunywa maji kwa mashine, na ninyi nyote mtasikia ngurumo yake."

Kusanyiko likasema amina. Nyatichi alisema pia, ila ya kwake ilichelewa kidogo. Amri ikaanza kutumika jioni ileile, na vitunguu vikaanza kungoja.

Sasa inafaa ijulikane kwamba katika bonde lile mashine inayovuta maji mtoni haiitwi pampu. Inaitwa jenereta. Waliosikia mngurumo wake kwa mara ya kwanza walikuwa mbali, wakaipa jina la kitu kingine kinachonguruma, na jina likakaa. Zablon mwenyewe hakuwahi kuikaribia. Jirani yake Werema, Mkuria aliyenunua shamba ng'ambo ya kijito, alikuwa nayo moja iliyofichwa nyuma ya matete, lakini kwenda kumchungulia Werema kungekuwa sawa na kumuuliza, na kuuliza, kama mlivyosikia, hakukuwa katika ukoo huo.

Akateremka mjini Migori katikati ya wiki, kofia ya kanisani kichwani, akaingia dukani kwa Bashir, mlinzi wa rafu, bwana wa misumari na mabati, akaagiza jenereta. Bashir, ambaye ni mtu wa adabu, akamuuliza kama ni ya nyumbani ama ya biashara. Zablon akaliona swali hilo kuwa ni mkuki uliorushwa.

"Kijana yangu," akanena, "nipe yenye nguvu. Maswali utauliza wateja wasiojua wanachotaka."

Bashir akataka kufungua boksi ili aione kwanza. Zablon akamzuia kwa kiganja kilichonyanyuliwa, akasema kwamba simba hafunguliwi njiani. Akaifunga nyuma ya pikipiki na kurudi Uriri akiwapungia mkono watu ambao wengi wao hawakumjua.

Kesho yake boksi likafunguliwa kando ya kijito, mipira mipya ya maji ikiwa imelazwa tayari kwenye nyasi. Ikatoka mashine nyekundu, nzuri, yenye swichi na matundu ya kuchomekea nyaya. Zablon akaizunguka akitafuta mahali pa kuingiza mpira, akaizunguka tena kwa upande mwingine, akaiinua akaangalia tumboni, kama mtu anayetafuta matiti kwa ng'ombe dume. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akaiwasha. Ikanguruma kwa fahari kubwa. Kijito kikaendelea na safari zake.

"Baba Bathsheba," Werema akamwita Zablon kwa jina la bintiye kutoka ng'ambo, kwa upole, "hiyo ni ya stima, ya kuwasha taa. Hiyo haiwezi kuvuta maji."

Zablon akajibu kwamba anajua, anaijaribu tu. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Nyatichi alikuwa ameshapanda mteremko kurudi shambani, na Zablon alipomfuata akamkuta amechuchumaa, ameshika majani ya kitunguu yaliyolala chini, anayasimamisha kwa kidole, nayo yanalala tena. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba vitavuka kesho kwa shida, lakini Sabato nzima juani havitavuka, na kwamba kama mume wake atamruhusu atachukua dumu. Hapo ndipo Zablon alipojiona alivyo: mtu mzima aliyeua mboga kwa hotuba. Lakini kuondoa marufuku iliyoitikiwa amina na kanisa zima ni jambo zito, akaomba apewe Ijumaa.

Alfajiri ya Ijumaa shujaa akasimama tena mbele ya Bashir, safari hii bila kofia, na ile jenereta miguuni pake.

"Mzee, si nilikuuliza?" Bashir akasema.

"Uliniuliza. Mimi ndiye sikujibu. Kwetu kitu ya kuvuta maji inaitwa jenereta."

Bashir akafunika mdomo kwa mkono, akaomba radhi, akacheka hata hivyo. Alikubali kubadilishana, kwa kuwa yeye pia alijiona na kosa kuuza boksi lisilofunguliwa. Zablon akaelekeza kidole moja kwa moja kwenye pampu kubwa kuliko zote, jitu la inchi tatu lililokaa peke yake kama chifu, lakini Bashir akasimama katikati.

"Tuambiane ukweli, mzee. Huo mto wako ni mkubwa namna gani?"

Zablon alifungua kinywa kuusifu. Alikuwa na maneno tayari, yenye mafuriko na mamba. Kisha akayaona yale majani yaliyolala.

"Mbuzi anaruka," akasema.

"Anaruka kwa kukimbia, ama akiwa amesimama?"

"Akiwa amesimama. Hata mwenye mimba."

Basi akapewa pampu ndogo ya inchi mbili, ambayo isingekinywa kijito chote na kubaki inatafuna matope, na kichujio cha kufunga kwenye ncha ya mpira. Akaibeba bila kumpungia mtu yeyote.

Mchana ukawa wa vita vyenyewe. Akaiweka pampu juu ya mawe bapa, akakaza mpira mmoja upande wa kuvutia na mwingine upande wa kusukumia, akazamisha kichujio, akajaza petroli, akavuta kamba. Mashine ikaitika. Mpira ukatetemeka, ukapumua, ukatoa upepo. Akakaza upya, akavuta, ukatoa upepo. Akahamisha kichujio penye kina zaidi, akateleza, akakaa ndani ya kijito mpaka kiunoni, akaamka na heshima iliyolowa, akavuta, na upepo ukatoka uleule. Juu shambani Nyatichi alikuwa amesimama mwisho wa mpira akingoja, na nyuma yake jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa ziwa. Likizama, Sabato imeingia, na mzee wa kanisa hangurumishi mashine siku ya Bwana.

Ng'ambo ya pili Werema alikuwa anatazama. Hakusema neno, maana jana alisema akajibiwa kwamba inajulikana.

Enyi wasikilizaji, kuna wanaume waliovuka mito yenye viboko, na nawaheshimu. Lakini Zablon alivuka kijito kinachorukwa na mbuzi mwenye mimba, akasimama mbele ya jirani yake, maji yakimchuruzika, na kutamka neno ambalo baba yake na babu yake walikufa bila kulitamka.

"Werema, ndugu yangu. Imenishinda. Inafanywaje?"

"Umeipatia maji?"

"Petroli imejaa."

"Si petroli. Maji. Hiyo kitu lazima ikunywe kwanza ndio ivute. Fungua kifuniko ya juu, jaza tumbo yake." Werema akajikuna shingo. "Yangu ilinitesa hivyohivyo, mpaka nikaipiga teke. Kwani hukunisikia?"

"Nilikusikia unapiga kelele. Nilifikiri unaomba."

Hapakuwa na kopo wala wakati wa kulitafuta. Zablon akavuka kurudi kwenye pampu, akavua gamboti, akachota nalo maji, akayamimina ndani ya pampu, gamboti la pili likafuata, mpaka tumbo likafurika. Akafunga, akavuta kamba. Pampu ikakohoa mara moja, mpira uliokuwa umelala ukanenepa, ukajinyoosha kupanda mteremko, na kule juu Nyatichi akapiga ukelele, kwa kuwa maji yalikuwa yamemlowesha miguu.

Zablon akapanda mbio pekupeku. Alipofika mistarini akasimama, akanyoosha mkono na kuanza hotuba ya ushindi aliyoiandaa tangu Sabato iliyopita, yenye shukrani kwa mababu, onyo kwa kiangazi na msamaha kwa maadui. Pampu ilinguruma vile alivyoahidi, na kwa hiyo hakuna aliyesikia hata neno moja. Nyatichi alikuwa anahamisha mpira kutoka mstari hadi mstari, naye midomo yake ilikuwa inasema kitu, ambacho pia hakikusikika.

Mstari wa mwisho ulipolowa, Zablon akashuka kuizima, na jua likagusa vilima. Bonde likanyamaza. Aliporudi akamuuliza mkewe alikuwa anasema nini.

"Wewe ulikuwa unasema nini?"

Zablon akaitafuta hotuba, akaikuta imetoroka yote. "Nilikuwa nasema vimekunywa."

"Nimeona," akasema Nyatichi. "Mimi nilikuwa nasema sasa naweza kukaa."

Na iandikwe basi, hata kama ni juu ya boksi la pampu, kwamba Ijumaa hiyo huko Uriri Zablon Mshinda Kijito alisimama pekupeku katikati ya vitunguu vilivyolowa, amefurahi mpaka akaona haya. Na Nyatichi akakunja kanga yake, akaiweka chini kwenye nyasi, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na Sabato ikaingia ikamkuta hivyo.