Valvu za Kumsikilizia Baba

Jumanne, 3 Machi

Valvu mpya zimefika! Mbili, zimeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto. Fundi Redio ameapa kwamba zilitolewa kwenye mitambo ya jeshi na hazijawahi kuwashwa. Nikamuuliza jeshi la wapi. Akasema jeshi ni jeshi. Nikaridhika.

Kwa atakayesoma shajara hii siku nikiwa mtu mashuhuri, nieleze kidogo. Valvu ni kichupa cha kioo chenye nyaya ndani. Kinawaka chekundu, kinapasha meza moto, na sauti ikipita humo inatoka na utu. Redio za zamani zilikuwa nazo. Watu wamezitupa, ndiyo maana siku hizi watu hawasikii kitu. Nimezichomeka kwenye amplifaya, nikavaa hedfoni, nikaweka wimbo.

Wimbo ni mmoja tu. Kwaya ya kiwanda cha magunia, watu arobaini, kaseti moja tuliyoihamishia kwenye kompyuta kabla haijaoza. Baba yumo. Sauti ya nne, mstari wa nyuma. Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti yake sina. Nataka kuisikia, basi, ni hilo tu. Sioni cha kuchekesha, ingawa mke wangu alipoikuta meza ya chakula imejaa nyaya alicheka, kisha akaacha kucheka akauliza tutakula wapi.

Valvu za leo: nzito mno. Baba hayupo. Au yupo, amezibwa.

Alhamisi, 5 Machi

Kaka amenunua kigeuzi!

Kigeuzi ni kijisanduku. Wimbo ukiwa kwenye kompyuta ni tarakimu tupu, na chenyewe ndicho kinachozigeuza tarakimu ziwe sauti tena. Hata simu ina chake ndani, kidogo, cha kujikimu. Cha Kaka kina ukubwa wa tofali. Alinipigia nikiwa kazini kunieleza kwamba valvu ni mambo ya makumbusho na zinaipaka sauti mafuta. Kwamba yeye kwa kigeuzi chake amemsikia Baba mara ya kwanza tu, upande wa kulia, waziwazi. Halafu akasema kwa upole ule wake unaouma kwamba hanilaumu sana, maana yeye alikuwa na miaka kumi Baba alipoondoka. Yeye anaikumbuka ile sauti.

Nikasema nina mteja, nikakata simu. Mteja alikuwepo kweli. Napima macho kwenye duka la miwani. Nikamwekea lenzi, nikamuuliza ipi inaonyesha vizuri, hii au hii. Akasema ya pili, tena mbali kabisa na ya kwanza. Ilikuwa lenzi ileile. Huwa nawafanyia hivyo nijue nani anasema kweli na nani ananifurahisha. Watu bwana! Wanaona wanachotaka kuona.

Namwonea huruma Kaka.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemsikia!

Jozi ya tatu ya valvu, fupi fupi, zenye kutu miguuni. Ubeti wa pili, upande wa kushoto. Sauti nzito, imetulia, inaingia nyuma kidogo ya wenzake kama mtu asiyependa kusukumwa. Mimi pia nachelewa kila mahali. Ni damu! Nilirudia ubeti ule hadi chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Nililia. Naandika hivi kwa kuwa hapa hakuna anayechungulia: nililia hadi sponji za hedfoni zikalowa, ikabidi nizianike dirishani karibu na soksi.

Mke wangu akauliza nimeumia wapi. Nikamvisha hedfoni. Akasikiliza kwa adabu wimbo mzima, akasema anasikia watu wengi wanaimba.

Jumapili, 8 Machi

Kaka amekuja na tofali lake. Amelibeba kwenye begi, limelazwa juu ya mto. Watoto wake mwenyewe hakuwahi kuwabeba hivyo.

Tumebishana kushoto na kulia tangu asubuhi. Nikamwambia amevaa hedfoni kinyume. Hakuwa amezivaa kinyume. Naye akaniambia kwamba sijamsikia Baba, valvu zangu zinanitengenezea baba mwingine. Neno hilo lilinichoma. Nikamwongezea chai.

Mke wangu alichoka na sisi. Akatuamuru tugeukie ukuta tukiwa na hedfoni, kila mtu zake, yeye awe anabadilisha nyaya huko nyuma. Mara ya kwanza Kaka akasema hicho ni kigeuzi chake, safi kama maji ya kisima. Mara ya pili nikasema hizo ni valvu zangu, lile joto lake nalisikia hadi shingoni. Mara ya tatu tukakubaliana wote kwamba hiyo ni simu tupu, takataka. Tulipogeuka, shemeji yake Kaka, yaani mke wangu, alikuwa anakunja nguo. Akasema hajagusa waya hata mmoja.

Kaka akasema huo si utafiti. Nikamuunga mkono. Sikumbuki lini tulikubaliana mara mbili kwa siku moja.

Tumeamua kesi iende kwa Mama. Anakuja Ijumaa nimpime macho. Yeye ndiye aliyeishi na sauti ile ndani ya nyumba.

Jumatano, 11 Machi

Mpango umekamilika. Mama atakaa kwenye kiti changu. Valvu zitakuwa zimewashwa mapema ili zipate joto. Nimekwenda pia kwa Fundi Redio kuazima kigeuzi cha kuzisaidia valvu, jambo ambalo Kaka hana haja ya kulijua, baada ya yote niliyosema juu ya vigeuzi. Alikuwa navyo viwili. Kimoja, alisema, kinatoa sauti ya kioo, kingine sauti ya mbao. Nikavisikiliza kwa makini sana, macho nimefumba. Nikachagua cha mbao. Nilipofumbua macho nikakuta ndicho Fundi alichokuwa amekiita cha kioo. Haidhuru, mbao ni mbao.

Kaka nimemwambia Mama atasikiliza Jumamosi saa kumi. Atasikiliza saa sita. Kufikia saa kumi hukumu itakuwa imeshatoka.

Lakini leo mchana, duka likiwa tupu, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikautazama ule ubao wa herufi. Nikajiuliza ninaogopa nini. Si kwamba Kaka atashinda, hilo nimelizoea tangu utotoni. Naogopa Mama atasema siye. Basi nitarudi pale nilipokuwa, mtu mzima mwenye mvi, asiyejua baba yake alikuwa anaitaje jina lake.

Ijumaa, 13 Machi

Mama amefika, mzima kabisa, ila macho. Nimempima mwenyewe. Nikamwekea lenzi, nikauliza hii au hii. Akasema mbona mwanangu unanirudishia ileile, au na wewe huoni? Miaka yote ya kazi hii, wa kwanza kunikamata ni Mama.

Nimefurahi. Shahidi kama huyu hadanganyiki.

Jumamosi, 14 Machi

Saa sita kasoro, valvu zinawaka, kiti kimefutwa vumbi. Mlango ukagongwa. Kaka! Mama alikuwa amempigia simu mwenyewe kumwambia awahi. Nilijifanya nimefurahi. Naye akajifanya hajui kitu.

Mama akakataa hedfoni. Amesuka jana tu, hataki kubanwa kichwa. Nikambembeleza, Kaka akambembeleza, tukamweleza habari za valvu na tarakimu. Akatusikiliza kama anavyowasikiliza watoto wanaosingizia paka. Kisha akachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaomba tumtumie huo wimbo, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akaupiga hapo mezani. Sauti ilikuwa kama ya nyuki ndani ya chupa. Kaka alifumba macho kwa maumivu. Mimi vilevile.

Mama aliimba pamoja nao, chini chini. Ubeti wa pili ulipofika nikainua kidole: huyo, anayechelewa! Mama akacheka. Akasema huyo ni mtunza stoo. Alikuwa anachelewa hata kazini, wakamvumilia kwa sababu ndiye mwenye funguo. Kaka akainua kidole chake kwa heshima, akauliza yule wa kulia je. Mama akasema huyo dereva wa lori, na deni lake la sufuria hajalilipa hadi leo.

Tukauliza kwa pamoja Baba yuko wapi.

Mama alicheka hadi akavua miwani mpya. Akasema baba yenu hakuimba. Hakuwa na sauti ya kuimba hata chembe, akifungua kinywa aliwapotosha wote. Lakini alikuwa mrefu na sare ilimkaa. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alimwomba asimame katikati ya mstari wa nyuma, awe anafungua kinywa na wenzake, asitoe kitu. Naye akakubali kwa moyo mmoja. Hakukosa mazoezi hata siku moja. Akirudi nyumbani alidai maji, eti koo limekauka kwa kuimba.

Wiki nzima nimemlilia mtunza stoo!

Kaka akauliza kwa nini hakutuambia. Mama akasema tulimwomba kaseti, hatukumwuliza swali. Nikamwuliza sasa, sauti yake ilikuwaje. Akafikiri kidogo, miwani mkononi. Akasema ilikuwa sauti ya kawaida. Ya mtu anayeuliza chakula kimeiva.

Nilipomsindikiza Kaka mlangoni alisimama na begi lake. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba na yeye haikumbuki. Anakumbuka mkono begani tu. Nilitaka kumkumbatia lakini tofali lilikuwa katikati yetu.

Jumapili, 15 Machi

Nimechomoa kila kitu. Valvu ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku, sanduku juu ya kabati. Tumekula mezani, familia nzima, na Mama. Nimewaahidi wote kwamba nimekoma. Mke wangu ameniwekea mnofu mkubwa kuliko wa watoto. Moyo mwepesi. Mtu mzima hujua pa kuishia.

Jumanne, 17 Machi

Wazo! Limenijia nikimpima macho mwalimu wa shule, nikamwacha na lenzi moja usoni nikaenda kuandika.

Kabla ya neno la kwanza la wimbo, watu arobaini wanavuta pumzi. Mwalimu wa kwaya alimkataza Baba kuimba. Hakumkataza kupumua! Ile pumzi ina fungu la Baba ndani yake, la halali kabisa. Wiki zote hizi nilikuwa nasikiliza mahali pasipo pake.

Tatizo ni kwamba valvu za jeshi zinanguruma, na kigeuzi cha mbao, au cha kioo, kinafunika pumzi. Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa Fundi Redio. Nimemwambia nataka valvu za kunyamaza. Amesema anazo, ni za hospitali, na kigeuzi cha kuendana nazo atakipata kesho kutwa, ila kwa leo niondoke na cha dukani kwake. Mke wangu aliikuta meza imejaa nyaya tena, akatazama juu ya kabati, akachukua sahani zake akaenda kulia chakula jikoni na Mama.

Nimesikiliza. Nimemsikia! Katikati, mstari wa nyuma. Anavuta pumzi kama mtu mrefu, kisha wenzake wote wanaimba, na yeye ananyamaza. Ananyamaza vizuri kuliko wote.

Nilimpigia Kaka nimpe habari njema. Akasema amelisikia hilo tangu jana, kwa waya mpya. Ila Baba, anasema, ananyamaza upande wa kulia.

Upande wa kulia! Mtu amepewa masikio mawili na hajui hata kuyatumia.