Ngamia Waliolamba Lori Langu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe. (Nguo ya heshima, jamani. Suruali ilibaki.) Nawaeleza mwenyewe, madereva wenzangu, kabla abiria hawajawafikia na kuongeza chumvi. Chumvi iliyokuwepo inatosha, kama mtakavyosikia.

Lori langu mnalijua. Lilikuwa la jeshi, nikalinunua mnadani pamoja na mabakabaka yake ya kijani na hudhurungi. Mimi nililiona zuri. Tatizo ni kwamba wengine hawakuliona kabisa. Mwezi uliopita basi lilinigonga ubavuni nikiwa nimeegesha, na dereva wake akaapa kwamba aliona kichaka. Mzee mmoja naye alikuja kujisaidia kwenye gurudumu. Nikapiga honi. Akakiomba radhi kichaka!

Na kwa vita hivi vya waasi wa shifta, barabara ya Wajir haipitiki ila kwa msafara unaosindikizwa na askari. Jana sajenti wa kizuizi cha Garissa, Mutiso, Mkamba mmoja mpana wa mabega, alinikatalia.

"Gari hii mimi mwenyewe siioni. Dereva wa nyuma ataiona? Na askari wakidhani ni ya shifta? Paka nyeupe mbele, nyuma na ubavuni. La sivyo unabaki."

Kubaki sikuweza. Mke wangu Amina yuko kwao Wajir, mimba imetimia, na mama yake, Hooyo Dahabo (hooyo kwa Kisomali ni mama), alikuwa Garissa akingoja nimpeleke akampokee mjukuu. Msafara mwingine ni wiki ijayo. Mimba haingoji msafara.

Rangi ya mafuta madukani hakuna. Chokaa ipo. Marehemu baba alikuwa fundi wa kupaka nyumba kule Lamu, na chokaa yake aliitia chumvi kidogo ili ishike. Mimi nikawaza: kama kidogo inashika, nyingi itaganda. (Akili hizi nimezaliwa nazo.) Nikamimina nusu gunia.

Hooyo akanitazama. "Hiyo chumfi yote ya nini?"

"Ya kushikisha, Hooyo. Hii haitoki hata kwa nyundo."

Akalitazama tena gunia. Nikadhani amevutiwa.

Asubuhi ya leo lori linang'aa hadi macho yanauma. Mutiso akalizunguka lote. "Sasa hii ni gari! Hata kipofu ataipisha." Akawaita madereva wengine waje kujifunza. Nami nikasimama mbele ya boneti, kifua mbele, chokaa imenijaa nyweleni na mabegani, nikaanza kuwapa darasa.

Ndipo tukasikia kengele za mbao.

Walikuwa ngamia, kundi zima, wanatoka mtoni kunywa maji. Nimeishi Garissa miaka mingi na ngamia nawaona kila siku, lakini wallahi sijawahi kuwaona vile. Vumbi jekundu limewafika magotini, jua liko nyuma yao, shingo zinapanda na kushuka kwa pamoja. Aliyetangulia alikuwa jike jeupe, kichwa chake kiko juu kuliko lori. Akasimama. Akanusa upepo. Kundi lote likasimama. Kisha wote, bila kelele, wakageuka kunielekea.

"Warudishe!" nikamwambia mchungaji.

"Siwezi." Naye alikuwa ameduwaa. "Tangu askari watukataze kwenda kwenye visima vya maji ya chumvi hawajaionja chumvi."

Jike jeupe akatoa ulimi, akalamba taa. Akafumba macho. Basi! Wakalizunguka lori pande zote. Msafara mzima husikii ila ndimi zinakwaruza kama mafundi wanapiga msasa. Mutiso akavua kofia bila kujijua. Mimi nilisahau hata kukasirika. Wanyama wakubwa vile, na upole ule! Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Na kila ulimi ulipopita, mabaka ya jeshi yalijitokeza, yameoshwa, mapya kuliko siku ya mnada.

Kisha jike jeupe akainua kichwa, akanitazama. Nikarudi nyuma. Nyuma kuna boneti. Akashusha mdomo wake, akanilamba kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, taratibu, kama mama anayemwosha mtoto. Sikuthubutu kutikisika. Mwingine akaanzia begani.

Msafara ukapasuka kwa kicheko. Askari mmoja alikaa chini kabisa. Na kutoka juu ya lori nikamsikia Hooyo, ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi kumsikia akicheka:

"Wallahi mwanangu, gari yako iko tamu!"

Mutiso akafuta machozi, akavaa kofia. "Pole, bwana dereva. Lakini gari siioni tena. Unabaki."

Hapo kicheko kikakatika. Nikamfikiria Amina.

Hooyo akashuka. Akafungua furushi lake, akatoa jora la kitambaa cheupe cha bafta alilomnunulia mjukuu, akaanza kulichana vipande. Hakumwomba mtu ruhusa. Akafunga mbele, akafunga nyuma, akavuta ubavuni, mpaka lori likaonekana kama haji aliyevaa ihramu. Halafu akamsogelea Mutiso, yeye mdogo, Mutiso mkubwa.

"Sasa tunabita?"

"Pita, mama." Na kizuizi akakifungua kwa mikono yake mwenyewe.

Tumefika Wajir jua linazama. Amina amejifungua tangu adhuhuri, salama, mtoto wa kike. Nimeingia chumbani. Nimevitazama vidole vya mtoto, na kila kimoja kina ukucha wake. Amina ndiye aliyeanza kusema. Abiria walikuwa wamenitangulia kumweleza.

"Ni kweli ngamia amekulamba kichwa?"

Basi ndugu zangu, mmekuja kunipongeza, kunyweni chai. Na kama ni lazima mcheke, chekeni kwa tumbo tu, midomo ifungeni. Mtoto amelala.