Treni Iliyofika Mawengi

Jumatatu, 11 Machi

Taarifa kwa umma: leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtangazaji mkongwe Laurenti Mligo, miaka hamsini na mbili, alipangusa vumbi kwenye kipaza sauti bila msaada wa mtu yeyote. Kipaza sauti kinaendelea vizuri.

Mtangazaji haendelei vizuri. Bi Idda, mwenye redio yetu hapa Makambako, kaniita. Wasikilizaji wanalalamika kwamba kipindi changu cha kusoma magazeti kinaegemea chama tawala. Wengine wanasema upinzani. Kule Ludewa Jumamosi kuna uchaguzi mdogo wa udiwani, hataki kesi. Nikikosea tena kabla ya Jumamosi, kipindi anapewa Ebeneza, mtangazaji wetu wa mapambio ya kanisani. Ebeneza alikuwa mlangoni. Akanipa pole hata sijatoka!

Jumanne, 12 Machi

Usawa! Nimeamua kila upande upate vichwa vya habari vinne. Hesabu safi.

Chama tawala kilikuwa navyo vinne. Upinzani, kimoja: mgombea wao amekwama kwenye matope. Nikakisoma mara nne. Msikilizaji wa Njombe akapiga kuuliza kama waliokwama ni wagombea wanne au ni mmoja asiyejifunza. Upinzani wamesema nawadhihaki. Chama tawala wamesema nimewapendelea wapinzani, maana sasa wanaonewa huruma.

Ebeneza kaniletea chai. Dalili mbaya.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata dawa. Kinachokosekana ni mwananchi asiye na upande. Hapigi simu kamwe, ana kazi zake. Basi nimemtengeneza.

Shemeji yangu Anderson kapiga simu asubuhi akijifanya mkulima wa viazi wa Mawengi, Ludewa. Kasema anavipenda vyama vyote na anamshukuru mtangazaji kwa haki. Sauti tamu, unyenyekevu tele. Kabla hajamaliza, honi ya treni ikalia nyuma yake. Ndefu! Ikafuata kelele ya mabehewa, na mama mmoja akinadi mahindi ya kuchoma kwa abiria.

Anderson alikuwa stesheni ya Makambako. Mawengi haina reli. Haijawahi kuwa nayo. Nikaweka wimbo upesi.

Alhamisi, 14 Machi

Nilitegemea kuchekwa. Ningeshukuru.

Mgombea wa chama tawala kasimama jukwaani na kuwapongeza wana Mawengi kwa kupata reli. Kasema ahadi imetimia. Wa upinzani kajibu kwamba reli hiyo ni matunda ya kelele zake, na tena tiketi ni ghali mno. Tiketi! Saa nane mchana wamebishana kuhusu mahali pa kujenga stesheni. Simu yangu haipumui. Mtu wa Makete anauliza lini itawafikia na wao. Mke wangu Feliciana kaniuliza mbona nacheka huku natetemeka. Nikasema baridi.

Ijumaa, 15 Machi

Nilisema hewani kwamba ile ilikuwa honi ya lori. Nikajiona nimetoka salama.

Akapiga Mama Emerensiana, bibi wa Mawengi kwelikweli, ambaye tangu Jumatano anaulizwa na ndugu zake kama atawapokea stesheni. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Mwanangu Laurenti, kwa matope haya hata lori halijafika huku wiki ya pili sasa. Sema tu, baba. Hatutakupiga."

Nikasema. Yote, na jina la shemeji nikalitaja.

Mchana makatibu wa vyama vyote viwili walikuja kutoka Njombe kwa gari moja. Walikubaliana kila neno, jambo ambalo Bi Idda anasema hajawahi kuliona. Kila mmoja aliapa kwamba nilitumwa na mwenzake.

Ebeneza kakabidhiwa kipindi.

Jumapili, 17 Machi

Ukweli, nauandika hapa tu. Stesheni nilimwelekeza Anderson mimi, kwa sababu mtandao hapo ni mzuri. Treni nilidhani hupita jioni. Na usawa wenyewe sikuutaka sana. Nilitaka kuendelea kusalimiwa sokoni na akina mama wa nyanya, "Bwana Magazeti, leo wamesemaje?" Sina upande. Naegemea anayenisalimia.

Bi Idda hakunifukuza. Ana huruma yule mama. Kanipa matangazo ya vifo, kila siku saa moja jioni, akasema huko hakuna siasa.

Nimeanza jana. Marehemu watatu, wote wa familia za chama tawala! Nimeliona mapema, safari hii hawanikamati. Nimempigia Anderson anitafutie marehemu mmoja wa upinzani kwa ajili ya kesho. Kauliza, ni lazima awe amekufa kabisa?

Nimemwambia, kwa kuanzia, hata mgonjwa anatosha.