Kichupa cha Porto Kutoka Liège

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Porto imefika. Sista mmoja aliyetoka Ubelgiji alinikabidhi kichupa ofisini kwangu, pale Kituku, hapa Goma, mbele ya wachuuzi wa samaki, kama mutu anayempa mwingine dawa ya kikohozi. Hakujua alichobeba. Nilimsamehe.

Kichupa chenyewe ni cha glasi nzuri. Karatasi imebandikwa: Porto, 1985. Mwandiko wa Murhula, mbaya vilevile. Tulisoma pamoja Bukavu, bweni moja, na tulipata diplome mwaka huo wa 1985. Sasa anakaa Liège, ana nyumba, ana tumbo, na amenunua chupa moja ya divai ya mwaka wetu. Ameigawa kwa vichupa vinne. Kimoja chake. Kimoja cha Fabiola, mwenye duka la dawa Bukavu. Kimoja changu. Na kimoja, kalamu inakataa kuandika, cha Kasereka Evariste.

Jumapili saa tisa mchana tutakutana wote kwenye simu, kwa video, tuonje pamoja. Kila mmoja ataeleza alichoonja. Atakayeeleza vizuri kuliko wote ndiye atakayesoma hotuba kule Bukavu mwezi wa saba, siku Padri Namegabe, mwalimu wetu wa Kifaransa, atakapotimiza miaka themanini. Murhula anasema hiyo ni njia ya haki. Mimi naona ni kumshindanisha tai na kuku watatu.

Kasereka anauza mabati Katindo. Siku ya diplome hotuba ilikuwa iwe yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja. Padri akamchagua Kasereka, ambaye alisema dakika tatu na wazazi wakalia. Tangu hapo namsalimia kwa kichwa tu. Miaka thelathini na tisa ya kichwa.

Victoire, mke wangu, aliangalia kichupa akauliza kama Porto ni pombe ya watu wa bandarini. Nilimweleza kwa subira. Aliendelea kuchambua maua mekundu ya bisapu, yale ya juisi. Wiki hii ana sherehe mbili za komunio za kupelekea juisi. Mtaa mzima wa Mapendo unaisifu juisi yake, lakini Mapendo inajua nini?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeanza maandalizi. Nimesoma kwenye simu jinsi wataalamu wanavyosema divai. Hawasemi tamu wala chungu, hayo ni maneno ya wauza mabati. Wanasema ngozi. Wanasema tumbaku, msitu baada ya mvua, sanduku la sigara. Nimejaza kurasa tatu.

Halafu nikafikiri: mutu ataelezaje kitu ambacho hajakionja? Huo ungekuwa udanganyifu. Nimeonja kijiko kimoja.

Sijawahi kunywa kitu kama hicho. Utamu mzito, na juu yake harufu ya kartoni iliyonyeshewa. Nilishangaa kwanza. Kisha nikaelewa: huo ndio umri. Mdomo wa kawaida ungeitema. Wangu uliitambua.

Nimeonja kijiko cha pili kuhakikisha.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kichupa ni kitupu.

Sijui ilivyotokea. Ninachokumbuka ni ukurasa wa pili, penye neno «tumbaku», ambalo lilihitaji uchunguzi. Uchunguzi uliendelea hadi ukurasa wa tatu.

Namlaumu Murhula. Mutu anayekaa Ulaya na kuwatumia rafiki zake vipimo vya mutoto mchanga hawezi kushangaa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekwenda parokiani kumuona Zihindula, sakristeni, mtunza vyombo vya misa. Divai ya misa ni tamu na nyekundu, nusu glasi tu ingetosha. Nilimwambia ni kwa ajili ya utafiti. Akauliza utafiti wa nini. Nikasema wa kitume.

Alifunga kabati taratibu, akatia ufunguo mfukoni.

«Papa Balagizi,» akasema, «tangu Pasaka hatukuone kwa misa. Leo unafika, na unaanzia kwenye divai?»

Nimeondoka kwa heshima yangu yote. Yule mutu hajapata elimu, funguo ndizo zilizompa kiburi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Suluhisho lilikuwa jikoni kwangu muda wote. Victoire alipokwenda sokoni nilichukua kikombe cha bisapu yake, nzito, ile ambayo bado haijatiwa maji. Nikaongeza kasiksi kidogo, pombe ya ndizi ambayo shemeji yangu alituletea kutoka Kabare. Nikaunguza sukari kwenye sufuria ili rangi iwe nyeusi zaidi. Nikachuja kwa kitambaa. Mbele ya dirisha huwezi kutofautisha. Kwenye video, hata malaika hawezi.

Nilikuwa nimeshajipongeza Murhula alipopiga simu. Anasema koneksio ya watu wanne inamsumbua. Basi wa Goma tukae pamoja, kwa simu moja, nyumbani kwangu, mimi na Kasereka. Nikasema Kasereka ni mutu wa shughuli nyingi. Akajibu kwamba Kasereka amekwisha kukubali na amefurahi. Kisha sauti yake ikashuka.

«Balagizi, mimi nachoka na nyinyi wawili. Tunazeeka. Mukae meza moja saa moja tu, munifanyie hiyo.»

Murhula alikuwa hivyo hata shuleni. Akikosa hoja, analeta huruma.

Sasa angalia akili ilivyo kitu kizuri. Nililala kidogo baada ya chakula, nikaamka na mpango kamili. Kasereka atakuja na kichupa chake. Nitakichukua, nitasema nakwenda kumimina jikoni, kama inavyofanyika kwenye nyumba za watu wanaoheshimika. Porto yake itaingia kwenye glasi yangu. Bisapu itaingia kwenye glasi yake. Mimi nitaonja ya kweli na kusema ya kweli. Yeye atakunywa juisi ya komunio, atasema ni tamu, na Bukavu itamsikia. Sioni kasoro.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Naandika saa kumi na mbili jioni.

Kasereka alifika kwa pikipiki, suti ya buluu, vumbi la mawe meusi hadi magotini. Amenenepa. Alileta mkate na sukari kwa Victoire, akamuita mama, akauliza hali ya kila mutu nyumbani kwa jina. Majina hayo ameyajulia wapi? Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimjibu kwa kichwa.

Jikoni mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Glasi mbili, rangi moja. Yangu kulia, yake kushoto. Simu niliiegemeza kwenye termosi. Murhula akatokea, mdomo wazi, koneksio ikamgandisha hivyo dakika nzima. Fabiola alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, anakaa wima kama mutu aliyekuja kukagua.

Niliomba nianze. Nikanusa, nikanywa, nikafumba macho. Nikasoma kurasa zote tatu. Ngozi. Tumbaku. Kakao. Msitu wa Kahuzi baada ya mvua. Na juu ya yote, nikasema, ile harufu nzito ya umri, kama maktaba ya mfalme aliyekufa.

Fabiola na Murhula waliweka glasi zao chini. Nikajua wamezidiwa.

«Samahani,» Fabiola akasema. «Yangu inanuka kartoni mbichi. Nimekunywa kidogo, nimetema.»

Murhula akainamisha kichwa. Akasema na yake ni hivyo. Akakiri kwamba alisikia harufu hiyo tangu siku ya kugawa vichupa, kizibo kilikuwa kimeharibika na kimeharibu divai. Lakini aliitafuta chupa hiyo miaka miwili, hakutaka kuamini. Alitumaini ni pua yake tu.

«Ni umri,» nikasema. «Fabiola hajazoea.»

«Balagizi, niko farmasi tangu miaka makumi tatu. Hiyo haiko umri. Ni uvundo.»

Nilikuwa narudi ukurasa wa kwanza ili nimsomee tena, lakini Kasereka aliweka glasi yake mezani. Ilikuwa imebaki nusu.

«Miye siko mutu wa divai,» akasema. «Musinicheke. Yangu haiko mbaya. Yangu ni muzuri sana. Iko na kitu kama kasiksi ndani.»

Akatabasamu, akainama mbele ya simu.

«Munakumbuka ile kasiksi ya mupishi? Tulikuwa watatu nyuma ya bweni, miye, Murhula na Balagizi. Tulikunywa kidoo kizima. Asubuhi wakamukamata Balagizi peke yake. Padri Namegabe akamuuliza: ulikuwa na nani? Hakusema. Akapigwa fimbo kumi, hakututaja. Murhula, miye na weye tulikuwa tumekwisha kuonywa, tungefukuzwa shule mwaka ule. Nisingepata diplome. Kila siku nafungua duka langu nafikiri ile kitu, na sijawahi kumwambia aksanti, kwa sababu alikuwa ananikasirikia, sikujua sababu ni nini.»

Murhula alivua miwani akaipangusa. Fabiola aliangalia pembeni. Kasereka alikuwa ananitazama mimi, macho yana maji, suti yake ya buluu yote na vumbi lake.

Ukweli nauandika hapa tu. Sikuwataja kwa sababu nilikuwa bado nimelewa. Padri alipouliza majina, sikuwa na hakika hata ya langu. Ningewataja wote, na wapishi juu yake.

Masikio yangu yalikuwa ya moto. Ni joto la chumba, dirisha lilikuwa limefungwa.

Hapo Victoire akaingia na sahani ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu. Hakuna mwanamke anayejua kuchagua wakati mbaya kumshinda. Kasereka, kwa adabu zake za dukani, akamwambia aonje hii divai ya Ulaya, na akampa glasi yake.

Victoire akaonja. Akaonja tena.

«Hii ni bisapu yangu,» akasema. «Ya komunio. Mutu ametia kasiksi ndani. Na sukari ameiunguza, njo maana sufuria yangu ni nyeusi.»

Nilisema divai hubadilika safarini. Nilisema ndege huitikisa sana. Fabiola aliuliza kama ndege inatikisa hadi inageuka bisapu. Murhula akauliza polepole, kama hakimu:

«Balagizi. Kama Kasereka amekunywa bisapu, weye umekunywa nini?»

«Yake.»

«Na yako iko wapi?»

Nilimsogezea Kasereka sahani ya sambaza. Victoire alijibu: Jumatano aliniona nimelala kwenye kiti mchana, kichupa kifuani.

«Basi umeikunywa ile mbovu mara mbili,» Fabiola akasema, «na mara zote mbili umeisifu.»

Walicheka. Murhula alicheka hadi koneksio ikamgandisha tena, mdomo wazi. Nilimsubiri Kasereka anikasirikie, hiyo ningeielewa, hiyo ningeiweza. Hakukasirika. Alimaliza glasi, akamgeukia mke wangu akasema binti yake anaolewa mwezi wa nane, anataka kinywaji hiki bidoni nne, yale madumu makubwa, hivyo hivyo, na kasiksi ndani. Victoire alikaa chini, akaanza kuuliza idadi ya wageni.

Wamekaa hapo saa mbili. Sambaza zote zimekwisha. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu msitu wa Kahuzi.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Murhula ameandika kwenye kundi letu la simu. Hotuba itasomwa na Kasereka. Fabiola ameweka mikono ya kupiga makofi, sita. Nimeweka mmoja.

Kwa hiyo mutu anakunywa juisi, anasimulia hadithi ya ulevi wa watoto wa shule, na hiyo inaitwa kueleza divai. Dunia hii inawapenda watu wa mabati.

Kasereka amenipigia baadaye. Ameomba nimsaidie kuandika hotuba, kwa sababu, anasema, mwenye maneno ni mimi, yeye ana mdomo tu. Nikamwambia niko na kazi nyingi. Nimeanza saa nane. Nimefika ukurasa wa tisa. Atashindwa kuusoma hata wa kwanza.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Murhula ana wazo jipya. Anasema safari hii ni zamu yetu. Yeye amekosa jibini ya Masisi miaka ishirini, anaiota. Basi tumtumie moja nzima, ile duara kubwa, kwa msafiri wa Jumanne. Ataikata mbele yetu kwenye video, na sisi wa huku tutakata zetu, tule pamoja.

Kasereka ameinunua, kilo tatu, ngozi ya manjano, safi. Ameileta mwenyewe nyumbani. Nilifikiri baada ya yale ya Jumapili angempa Fabiola aitunze, au benki. Ameiweka mikononi mwangu.

«Ndugu yangu,» alisema, «dukani kwangu kuna panya. Kwako njo salama.»

Nilimshika mkono, sijui kwa nini, kwa mikono miwili. Alipoondoka nilikaa nayo mezani nikaitazama. Nikajiambia: Balagizi, safari hii hapana. Nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka juu ya kabati.

Lakini kuna jambo moja la heshima. Chupa ya Murhula ilituaibisha kwa sababu hakuna aliyeikagua mapema. Je, jibini hii nayo kama imeharibika ndani? Aibu itakuwa ya Goma nzima.

Nimeikagua kwa upande wa chini, ambako hapaonekani. Ni nzuri. Nimeikagua ndani zaidi. Ni nzuri hata huko. Shimo lililobaki linatosha ngumi, lakini Victoire amechemsha viazi, na kiazi kilichopondwa vizuri kina rangi ileile kabisa.

Kwenye video, hata malaika hawezi.