Springi ya Vali na Chai ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Idara ya maji imetangaza. Kila mwosha magari lazima apimwe vali yake ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la mtaa. Mpimaji anakuja Alhamisi. Asiyefaulu anakatiwa maji. Nikikatiwa, nitaosha magari kwa mate? Tatizo dogo: springi ya vali niliitoa mwaka jana ili presha iongezeke, nimzidi Kipara, mwosha magari wa ng'ambo ya barabara. Nikamzidi kweli! Springi yenyewe sijui iko wapi.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kanishauri ninunue vali mpya. Mawazo ya kawaida kabisa. Nimeipaka ya zamani rangi ya buluu. Inang'aa! Kipara kachungulia, kauliza kama vali inaolewa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe mpimaji huja na vipimo vya presha. Rangi haitamzuga. Nimepata dawa: mama mkwe, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Chai yake hulegeza mtu. Nimemwomba amkaribishe mpimaji kwanza. Kakubali, ila kaniangalia kwa jicho la pembeni.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi mafundi walifunga bomba la mtaa, wakalifungua. Sikujali. Mpira wangu wa maji ulikuwa umelala ndani ya pipa la sabuni, kama kawaida. Mpimaji kafika kwa mama mkwe, kamiminiwa chai. Ikatoa povu. Nikasema ni maziwa. Mama mkwe akasema hajatia maziwa. Akaonja.
"Mkwe wangu, mbona chai yangu inanuka gari?"
Mpimaji akainuka moja kwa moja hadi kwenye vali yangu. Akaifungua: tupu. Akaeleza kwamba bomba lilipofungwa lilinyonya sabuni ya pipa langu hadi kwenye maji ya mama mkwe, na hakukuwa na kitu cha kuzuia. Nimekatiwa. Aibu niliyoona!

Ijumaa, 7 Machi
Foleni ya magari iko kwa Kipara. Mke wangu kanunua vali mpya. Mama mkwe hanisemeshi.

Jumatatu, 10 Machi
Vali imefaulu, maji yamerudi! Nimempigia mama mkwe magoti, nimeapa sirudii. Kanisamehe.
Lakini presha! Maji yanatoka kwa kusitasita, na Kipara anacheka. Jioni nimeifungua vali, nimetoa springi. Safari hii nimeiweka kabatini, isipotee. Mtu hujifunza. Na mwakani mpimaji atapewa soda.