Mama Juu ya Ngazi

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu anatengeneza tovuti ya ukoo. Inafunguliwa Jumapili. Ndugu wote waliotawanyika duniani wataiona, juu kabisa, nyumba tuliyoikimbia. Lakini kwa picha gani? Dada yetu mkubwa ndiye mwamuzi. Mimi ninayo fotografia pekee iliyosalia: nyumba, ngazi, na Mama amesimama juu ya ngazi. Picha yenyewe ni ndogo kama kiberiti. Mdogo wangu Rula, mchora ramani mstaafu, ameichora nyumba hiyohiyo kwenye kompyuta. Mistari mitupu! Ushindi ni wangu.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Picha yangu imeingizwa kwenye kompyuta, lakini ikivutwa ijaze ukurasa, Mama anageuka miraba. Nikamwambia binti yangu avute zaidi, huenda uso uko nyuma ya miraba. Alicheka mpaka akafuta macho. Baba, akasema, picha yako ni bitmapu: vinukta vya rangi vilivyopangwa kama vigae sakafuni. Ukiikuza, vigae vinanenepa, havizai vingine. Mchoro wa Baba Mdogo ni vekta. Ndani mna maagizo tu, anzia hapa, pinda pale, na kompyuta huuchora upya kwa kila ukubwa. Hata ukijaa ukuta, kingo hubaki kali. Rula alikuwapo. Akakohoa kikohozi cha mshindi.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Nimeufungua mchoro wa Rula kimyakimya, nikauhifadhi kama bitmapu, mdogo kama stempu, kisha nikaukuza. Paa likaota meno kama msumeno. Raha iliyoje! Nikampigia Dada, nikamwambia kwa masikitiko kwamba kazi ya mdogo wetu imeharibika. Akauliza imeharibikaje. Nikasema ni teknolojia hiyo, Dada. Jioni binti yangu akanijulisha kwamba mchoro wa asili anao yeye, na kwamba nyani haoni kundule. Mtoto niliyemsomesha mwenyewe!

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe kuna programu ya kugeuza fotografia iwe vekta! Nyumba ilitoka vizuri. Mama alitoka madoa matatu, la juu limevaa kilemba. Binti yangu akasema programu hufuata kingo za rangi, na uso wa mtu hauna kingo, una vivuli. Nikamgeukia Rula. Yeye, fundi wa mistari, mbona hakumchora Mama kabisa? Akasema nyumba aliikumbuka dirisha kwa dirisha, lakini uso ulikataa kukaa kwenye mstari. Akaomba fotografia yangu. Akaishika muda mrefu. Kejeli niliiweka kando. Nikachemsha chai.

Jumapili, 10 Machi
Tovuti imefunguliwa, sote tukiwa sebuleni kwa Dada. Juu, kwa uamuzi wake, mchoro wa Rula, mkali kwenye simu na kwenye skrini kubwa vilevile. Chini yake fotografia yangu, kwa udogo wake wa kuzaliwa, na hapo haina mraba hata mmoja. Dada akaisogeza simu mpaka puani. Akasema huyu ndiye Mama, hivi ndivyo alivyokunja uso akituita tukaoge. Tukalia sote watatu. Rula alilia kwa sauti kutushinda. Lazima ashinde hata hapo. Nikaahidi mbele ya wote: picha hii sitaikuza tena maishani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewaza. Macho ya Dada ni hafifu. Kwa nini ahangaike na simu puani? Nimeichukua picha ya Mama kutoka kwenye tovuti, nikampelekea mchapishaji wa mabango. Nimemwagiza aikuze ijae ukuta mzima wa sebule ya Dada, kutoka sakafuni hadi darini. Akasema mzee wangu, itatoka miraba mitupu. Nikamwambia basi akuze zaidi, uso uko nyuma ya miraba. Naye akanieleza, polepole, habari za vigae. Nimemwachia picha na kuondoka. Sikio la kufa halisikii dawa.