Kifungu na Kesi ya Jogoo

Duniani kuna watu wawili tu wanaoijua sheria yote: mmoja hajazaliwa bado, na wa pili ni Kifungu! Ndivyo alivyojinadi mwenyewe. Alikuwa mwaka wa pili tu chuoni, lakini ukimkanyaga kwenye foleni ya chakula, kabla hujaomba radhi keshakutajia kifungu ulichovunja. Jina likamganda.

Sasa, chuo kikaandaa mahakama ya mazoezi. Jaji alialikwa kutoka nje ya chuo, wakili mkongwe, mama mwenye ofisi yake mjini. Atakayeshinda angekwenda kujifunza kazi kwenye ofisi hiyo. Nafasi yenyewe moja tu! Kifungu aliitaka mpaka akawa anaiota. Na mjomba wake aliyemlea, bila kusubiri, alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba kijana kapata kazi.

Kesi ilikuwa ya jogoo. Jirani amemshtaki mwenye jogoo kwa kumkatiza usingizi kila alfajiri, na Kifungu anamtetea mwenye jogoo. Upande wa pili alisimama mwenzake wa darasani, binti waliyemwita Miwani, ambaye tangu kesi itangazwe alikuwa kajichimbia maktaba.

Kifungu naye alifika maktaba, asije akasemwa. Akaandika "jogoo" kwenye kompyuta, ikaja hukumu ndefu ya rufaa. Akashusha macho, akashusha, ehee! Akakutana na maneno matamu ajabu. Akachapisha ukurasa huo mmoja na kuubusu.

"Isome mpaka mwisho, ndugu yangu," Miwani akamwambia.

"Dada, asali huonjwa kwa kidole. Nani anameza mtungi?"

Siku ikawadia. Kifungu kaazima suti ya mjomba, mikono imemfunika hadi kucha. Mjomba mwenyewe kakaa safu ya mbele, kifua mbele.

"Mheshimiwa Jaji!" Kifungu akanguruma. "Mahakama ilikwisha kutamka: 'Kuwika ni wajibu wa jogoo! Anayemkataza jogoo kuwika, basi aikataze na alfajiri isiingie!'"

Ukumbi ukalipuka. Mjomba akapiga makofi mpaka akaombwa akae. Jaji peke yake hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Maneno hayo ni ya nani?"

"Ya mahakama, Mheshimiwa. Tena ya rufaa!"

"Kijana, maneno hayo ni yangu."

Lo! Mjomba hakungoja neno la pili. Alichomoka nje, simu sikioni, kuupa mtaa habari.

"Ni yangu," jaji akaendelea, "kwa sababu wakili wa mwenye jogoo nilikuwa mimi. Hebu soma ukurasa unaofuata."

Kifungu akaigeuza karatasi yake. Nyuma nyeupe pe!

"Haukuwa... haukuwa na umuhimu, Mheshimiwa."

"Upande wa pili, mnao?"

Miwani akasimama, akasoma taratibu: "'Hayo ndiyo aliyoyasema wakili wa mwenye jogoo. Tumemsikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Hoja yake tunaitupilia mbali. Jogoo ahamishwe.'"

"Jaji huanza kwa kueleza kila upande ulidai nini, ndipo aamue," mama yule akasema. "Wewe umesoma madai, uamuzi umeuacha maktaba. Nilishindwa vibaya siku ile. Sikutegemea kushindwa tena leo kwa kesi ileile!"

Nafasi akapewa Miwani. Kifungu alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na suti ya watu.

Akarudi nyumbani kichwa chini. Kona ya mtaa wao, akapokewa kwa vigelegele! Mjomba kasimama katikati ya umati.

"Jaji mwenyewe kasema maneno ya kijana wangu ni maneno yake!"

"Mjomba," Kifungu akanong'ona, "ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Ya nini? La maana nilishalisikia!"

Umati ukapisha. Akajitokeza jirani yao wa nyumba ya pili, mama mwenye maneno yake, kambeba jogoo mkubwa kwapani.

"Wakili wangu!" akasema. "Yule wa ng'ambo ya ukuta kanishtaki, eti huyu anampigia kelele. Tulikuwa tusuluhishwe leo, nikakataa katakata. Nimemwambia tukutane mahakamani, wakili ninaye!"

Jogoo akawika. Mtaa mzima ukashangilia.

Kifungu akajibanza nyuma ya ukuta, akapiga simu.

"Dada Miwani," akasema kwa sauti ndogo, "ile hukumu... unayo yote?"